Mjomba Tumweke Wapi? Barua kutoka Kabuta

Kabuta, ukingoni mwa Ziwa Mweru
Agosti

Shikamoo Mama mdogo,

Nimefika salama, miguu tu ndiyo imevimba kwa basi. Uliniambia nikifika nikuandikie barua ya karatasi, si zile sauti za simu ambazo wajukuu wako huzisikiliza kabla yako na kuzisambaza nyumba nzima. Basi hii hapa. Isome peke yako, maana mwishoni nina jambo la kukuuliza.

Safari nisiirefushe. Tunduma nimevuka asubuhi, Nakonde nikarudisha saa yangu nyuma kwa saa moja, kisha Kasama, Luwingu, Mansa. Kati ya Kasama na Luwingu basi lilipasuka gurudumu, likabadilishwa, na lile lililobadilishwa nalo likapasuka. Abiria hakuna aliyekasirika isipokuwa mimi. Kutoka Mansa barabara inashuka na mto Luapula bega kwa bega: Mwense, Mbereshi, Mwansabombwe anakokaa chifu wao mkuu, Mwata Kazembe, mpaka Nchelenge na Kashikishi. Miji hiyo miwili imegusana kiasi kwamba ukiuliza mmoja unakoishia, kila mtu anakuonyesha mti wake. Wiki chache kabla sijafika, Mwansabombwe walikuwa wanacheza Mutomboko, sherehe yao ya kila mwisho wa Julai. Nimeikosa, na sitasahau nani alinichelewesha kuomba ruhusa chuoni. (Ni mimi mwenyewe.)

Kabuta iko mbele ya hapo, ukipanda kaskazini na ufuo. Nyumba za tofali, mihogo imeanikwa kwenye miamba na mikeka, na harufu ya chisense kila mahali. Chisense ni dagaa wao, wadogo kuliko wa Kigoma. Huvuliwa usiku usio na mwezi kwa taa, na ukikaa ufukweni saa tatu usiku unaona ziwa limejaa taa kama mji ambao mchana haupo. Ng'ambo ni Kongo, ingawa sasa hivi haionekani kwa moshi wa nyasi zinazochomwa. Kuna kisiwa kinaitwa Kilwa, na upande wa Kongo kuna mji unaitwa Kilwa pia. Niliposikia mara ya kwanza moyo ulinidunda, nikafikiri nimefika Lindi bila kujua. Na watu wetu walishafika huku zamani. Livingstone alipofika ziwa hili Novemba 1867, kule kwa Kazembe alimkuta mfanyabiashara Mohamad bin Saleh ambaye alikuwa amezuiliwa hapo kwa miaka. Kwa hiyo mimi si wa kwanza kuja kutafuta kitu na kuchelewa kurudi.

Kiswahili kinanisaidia nusu. Wenyewe wanasema Kibemba, na nimeshajua kupiga makofi kidogo, kukunja magoti na kusema "mwapoleni mukwai". Lakini wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo, na wale waliokimbia vita ya Katanga mwaka 2017 wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, hao tunaelewana. Au tunadhani tunaelewana. Sokoni Kashikishi nilikaa na baba mmoja muuza nguo, akaniambia kwa huzuni, "Bibi yangu anakatala kuvuka." Nikamwonea huruma yule bikizee anayeogopa maji. Nikamwuliza ana miaka mingapi. Akasema ishirini na tisa. Kumbe Kongo bibi ni mke! Alikuwa ananieleza ndoa yake inavyovunjika, na mimi mwanafunzi wa tiba ya ndoa namwuliza kama bikizee ana presha.

Najua utacheka, maana bado hujaelewa ninachosoma. Mara ya mwisho ulisema mbele ya watu wote, "Huyu anasomea ndoa na mwenyewe hana." Haya, nikueleze vizuri. Hii ni shahada ya uzamili ya tiba ya ndoa na familia. Nairobi imeota mizizi: chuo cha PAC kule Roysambu kinaifundisha mpaka uzamivu, na tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, kwamba huwezi tu kubandika kibao mlangoni. Mwaka wa kwanza unasoma wazee wa fani. Kuna Murray Bowen, Virginia Satir, na Salvador Minuchin wa Argentina aliyeingia nyumba za maskini wa New York. Mwaka wa pili unakaa na wateja wa kweli. Unahesabu saa zako moja moja kama mtu anayehesabu shanga, huku msimamizi wako na wenzako wako chumba cha pili, wanakutazama kupitia kioo ambacho mteja akikiangalia anajiona yeye. Wewe ungesema huyo msimamizi ni kungwi wa fungate, ila analipwa kwa muhula.

Wazo kubwa la fani hii, ukilivua Kiingereza, wewe unalijua tangu kuzaliwa: mtoto akiugua tabia, usimtibu mtoto peke yake, waite waliomzunguka. Wazungu walilifikia miaka ya 1950 wakaliona jipya. Mmoja wa waliolisukuma, Gregory Bateson, hata hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kukaa vijijini kuandika mila, New Guinea na Bali. Kwa hiyo nikisema nimekuja Kabuta kusoma, sijapotea njia.

Sasa nikwambie kuhusu mchoro. Kila mwanafunzi huanza kwa kuchora ukoo wake, vizazi vitatu. Mwanaume ni mraba, mwanamke duara. Mume kushoto, mke kulia, mstari kati yao, watoto wananing'inia chini kama nguo kwenye kamba. Aliyekufa unamtia alama ya mkasi ndani ya mraba wake. Wanaogombana unawaunganisha kwa mstari wa zigizaga, waliokatana unakata mstari. Monica McGoldrick na mwenzake Randy Gerson waliuandikia kitabu mwaka 1985 na sasa dunia nzima ya fani yetu inachora hivyo.

Mimi niliuchora wetu, Mama mdogo. Nikamweka mjomba katikati, maana ndiye aliyelipa ada, ndiye aliyekaa kikao, ndiye aliyenikataza yule kijana wa Ifakara. Baba yangu nikamweka pembeni, si kwa dharau, ila ndivyo alivyokaa. Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Huyu mwanaume mwenye mistari mingi ni nani? Mpangilio si sahihi." Nilikatwa alama sita. Sisi wa lukolo, watoto wa upande wa mama, tumekatwa alama kwa kuwa na mjomba.

Ndiyo maana mwenzangu wa darasani, mtoto wa hapa Kabuta, aliponiambia "njoo kwetu ukachore", nikaja. Huku nao ni wa upande wa mama. Ukoo wanauita umukowa, mjomba wanamwita yama, na kuna koo za utani ambazo msibani zinafanya vituko vilevile vya watani wetu, kulala kaburini na kudai pesa.

Mama yake mwenzangu hapa kila mtu anamwita Bamayo, nami namwita hivyo. Ni mwanamke mfupi, mkavu, ana sauti ya kuamrisha mitumbwi. Jioni ya pili nilitoa karatasi yangu na penseli, nikamwomba nichore ukoo wake. Nikaanza kwa mraba na duara, yeye na mumewe. Akatazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayepika udongo. Halafu akamwuliza mwanawe, naye akanitafsiria: "Yama tumweke wapi?"

Nikamwonyesha nafasi, juu pembeni. Akatikisa kichwa. Akaondoka kwenye mkeka, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akaokota mawe. Jiwe kubwa ni mama yake. Akazungusha kaka zake na dada zake, karibu kabisa, mawe yanagusana. Chini yake watoto wake, na watoto wa dada zake wamechanganywa humohumo, hakuna mstari. Mume wake, aliyekuwa amekaa palepale anashona wavu, alikuwa kokoto moja dogo, nje, karibu na miguu yangu.

"Huyu alikuja," akasema.

Na kweli alikuja. Kwa mila yao mwanaume ndiye huhamia kwa wakwe kwanza, akawafanyia kazi, akaangaliwa. Yule mzee aliacha wavu, akainama, akaokota kokoto lake, akalisogeza mpaka kando ya chungu cha ubwali, ugali wao, akarudi kushona. Bamayo akacheka mpaka akajifunika kitenge. Hakulirudisha.

Nikafika kwa kaka mkubwa, aliyefariki. Nikataka kumtia mkasi. Hapo Bamayo hakucheka tena. Alisema huyo hajafa, yuko nje anacheza mpira. Ikabidi nielezwe. Mtu akifa, ukoo unamchagua wa kumrithi, wanaita ukupyana, na mrithi hachukui jina tu, anachukua na nafasi. Aliyemrithi yule kaka ni mvulana wa miaka kumi na miwili, na kesho yake nilishuhudia mzee mwenye mvi akimsalimia kwa kupiga magoti, anamwita yama, na mtoto akaitikia kwa heshima zote kabla ya kukimbilia mpira wake. Ian Cunnison, aliyekaa kwenye bonde hili mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuandika kitabu kuhusu watu wa Luapula mwaka 1959, alikuta hata vijiji vinaitana mjomba na mpwa kwa sababu ya watu waliokufa vizazi vingi nyuma. Mchoro wangu hauna alama ya mtu aliyekufa na hajafa. Nimeacha mraba mweupe.

Pesa nazo haziko pamoja. Asubuhi mtumbwi wa mzee ulipofika, Bamayo alishuka na beseni lake na meda, lile kopo la plastiki la kupimia, akapima chisense za mumewe, akabishana bei, akamlipa. Mume wake! Noti akazihesabu mbele yangu, zilizobaki akazifunga kwenye pindo la kitenge. Darasani tungesema hiyo ni dalili ya ukosefu wa uaminifu, tungewapa zoezi la bajeti ya pamoja. Bamayo anasema akichanganya pesa na mume, siku mume akifa ndugu zake watakuja kuchukua zote. Akitenganisha, kila upande unajua vyake. Karla Poewe, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Luapula miaka ya 1970, aliona hilohilo, na aliona pia kwamba wanaume waliotaka kuukwepa mkono wa ukoo walipenda makanisa yanayosema familia ni mume, mke na watoto, kama Wasabato na Mashahidi wa Yehova. Hiyo imenikaa kichwani. Ule mchoro wa kitabuni, kwa baadhi ya wanaume wa hapa, ulikuwa mlango wa kutorokea.

Na serikali nayo ilishachora wake. Sheria ya mirathi ya Zambia ya 1989, kwa asiyeacha wosia, inagawa hivi: watoto asilimia 50, mjane 20, wazazi 20, wategemezi 10. Mjomba na wapwa hawamo, labda kama walikuwa wanamtegemea marehemu. Ardhi ya kimila imeachwa nje ya hesabu hiyo. Nilimsomea Bamayo. Akasema ni sheria nzuri, imewaokoa wajane wengi waliokuwa wananyang'anywa hata sufuria. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza kama hao wa Lusaka hawana wajomba.

Sasa lile ulilonituma. Ndiyo, wapo makungwi. Wanaitwa banacimbusa, na Bamayo ni mmoja wao. Zana zao za kufundishia ni vinyago vya udongo na michoro ukutani, imbusa, kila kimoja na wimbo wake. Audrey Richards aliona unyago wao, chisungu, mwaka 1931 huko kwa Wabemba, akauandika kitabu kilichotoka 1956. Mshenga wao ni shibukombe, na kile anachotanguliza kwa wazazi wa binti kinaitwa insalamu, ambacho sikio langu lilisikia salamu tu. Siku hizi wengi wa banacimbusa wamo kanisani pia, wanafunda maharusi kwa baraka za padri. Nilimwambia Bamayo kwamba nina mama mdogo Mgeta anayefunda wali. Akakaa wima. Akaniuliza maswali matatu kukupima, nikajibu mawili, la tatu nikasema hilo sijafundwa. Akaridhika na jibu la tatu kuliko yote. Maswali yenyewe siyaandiki, barua hupita mikononi mwa watu.

Ila kuna kitu tulibishana. Mafundisho yale, kama yako, ni ya kabla. Binti anapewa kila kitu mwanzoni, na moja ya anayopewa ni kufunga mdomo: ya chumbani hayatoki. Miaka kumi baadaye akiwa na jicho jeusi, anamwendea nani? Bamayo akasema, ananiendea mimi. Nikamwuliza, na wewe unamwambia nini? Akasema, inategemea ameacha nini kwenye sufuria. Sikuelewa. Mwenzangu akanieleza: huuliza kwanza kama mke naye ana kosa. Mimi hapo ndipo ninaposhukuru ada yangu. Chuoni, neno la kwanza tunalofundishwa mbele ya jicho jeusi ni usalama, na mke na mume huwaweki chumba kimoja mpaka ujue nani anamwogopa nani. Usinikasirikie. Wewe mwenyewe uliyekaa miaka yote ile kwenye baraza la usuluhishi la kata, maana Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inataka watu wapite huko kabla ya talaka, unajua ni wangapi mliowasuluhisha wakarudi kupigwa.

Wala si lazima shahada. Lusaka walifanya utafiti na wenzi 248 waliokuwa kwenye pombe na kipigo, matokeo yakachapishwa 2020. Waliokaa nao kuwasikiliza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa hatua za kufuata, na kipigo na pombe vikapungua zaidi kuliko kwa wale ambao hawakupata mazungumzo hayo. Nilimwambia Bamayo kwamba angefaa sana kazi ile. Akauliza wanalipa kiasi gani kwa siku.

Hadithi ya mwisho. Usiku kaka wa pili wa Bamayo, yama aliye hai, alitusimulia habari ya Nachituti, ambayo hapa kila mtoto anaijua. Zamani ziwa lilikuwa la Nkuba, mfalme wa Washila. Nachituti ni dada yake. Mtoto wa Nachituti akashukiwa kutembea na mke wa mjomba wake. Nkuba akamwua mpwa wake, akamchuna, ngozi akaificha chini ya mkeka, na dada yake akaja kumtembelea akaketishwa juu ya mkeka uleule. Alipojua alichokalia, hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa Kazembe, akamwomba amwue kaka yake. Kazembe akamwua. Nachituti akampa ujira: udongo kwenye kikapu na maji kwenye chungu. Tangu siku hiyo nchi na ziwa ni vya Kazembe.

Mama mdogo, mimi nililala macho. Kaka, dada, mpwa: hakuna mume wa Nachituti wala baba wa mtoto anayetajwa popote kwenye hadithi ile. Mistari yote minene iko upande wa mama, na ndiko damu ilikomwagika. Bowen anafundisha kwamba wawili wakizidiwa na ugomvi humvuta wa tatu, na pembetatu hiyo huwapumzisha kidogo. Yama wa Kabuta anafundisha kwamba wa tatu huondoka na ziwa. Na wa tatu, kwa kazi niliyochagua, ni mimi. Nakaa kwenye kiti kati ya watu wawili na wananipa udongo na maji.

Nitakaa siku nne zaidi. Bamayo ameniambia nirudi Januari, wakati uvuvi umefungwa, Desemba mpaka mwisho wa Februari. Anasema hapo ndipo nitaona ndoa: mtumbwi umepinduliwa, ada za shule zinadaiwa, na wanaume wako nyumbani mchana kutwa.

Na lile jambo. Nikirudi Nairobi nitauchora upya mchoro wetu na kuupeleka tena, mjomba palepale katikati, wakate alama wakitaka. Lakini kuna mstari mmoja sijawahi kuuchora sawasawa, kati yako na marehemu mama. Mwaka ule wa shamba la Mgeta nilikuwa darasa la tano. Nilichoona ni kwamba uliacha kuja, na siku ya msiba ulikaa nje na watani. Kwenye karatasi niliweka mstari wa kawaida, kama dada wawili, na mwalimu hakuuliza kitu. Sijui kama ni zigizaga, au umekatika, au ulikatika mkaunganisha wawili nyinyi bila kutuambia. Simwulizi mjomba, maana atakuja kuamua. Nakuuliza wewe. Kama hutaki kuandika, nikija Desemba tutatafuta mawe.

Chisense kavu nimekufungia meda mbili, ziko kwa dereva wa lori la Tunduma. Usizikaange na mafuta mengi.

Mwanao